Nani Alilia kwa The Passion, na Nani Alitoka Nje

Kila Kwaresima ikifika kuna swali moja linarudi kwa vikundi vya maombi, kwa matatu, kwa meza ya chai baada ya ibada: wewe uliona The Passion ukalia, ama? Linaulizwa kama mzaha lakini si mzaha. Ukisema ulilia, uko sawa. Ukisema hukuweza kuimaliza, mtu anakuangalia kama amegundua siri kuhusu wokovu wako. Juzi nimesikia dada mmoja akiambiwa ati roho yake imekauka kwa sababu alizima pale kwa mijeledi. Akanyamaza. Mimi sikuona haja ya yeye kunyamaza, kwa sababu ukifuata historia ya hiyo filamu utapata kwamba tangu wiki ya kwanza Wakristo hawakuwahi kukubaliana kuihusu. Na waliotoka nje hawakutoka kwa kukosa imani. Wengi wao walitoka kwa sababu ya imani yao.

Tuanze na mambo ya msingi, haraka haraka. The Passion of the Christ ilitoka Marekani tarehe 25 Februari 2004, Jumatano ya Majivu. Mel Gibson ndiye aliiongoza, na akatoa pesa zake mwenyewe, karibu dola milioni 30, kwa filamu ambayo hakuna mtu anaongea Kiingereza ndani yake. Ni Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, unasoma maandishi chini. Ilipigwa Italia, kwenye studio za Cinecittà huko Roma na kwenye mji wa mawe unaoitwa Matera. Jim Caviezel alikuwa Yesu. Maria aliigizwa na Maia Morgenstern, Myahudi kutoka Romania, na hilo jambo la Uyahudi wake tutalirudia. Wakubwa wa Hollywood hawakuitaka. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 370 Marekani peke yake, na zaidi ya milioni 600 ukihesabu dunia nzima.

Sasa, nani alinunua hizo tiketi? Hapo ndipo hadithi inakuwa tamu, na inabidi turudi nyuma hadi 1988.

Mwaka huo Universal walitoa The Last Temptation of Christ ya Martin Scorsese, iliyotokana na riwaya ya Nikos Kazantzakis. Ndani yake Yesu akiwa msalabani anaonyeshwa maisha mengine ambayo angeweza kuishi: mke, watoto, uzee. Wakristo wa Marekani waliwaka moto. Maelfu waliandamana nje ya Universal huko Los Angeles. Bill Bright, mwanzilishi wa Campus Crusade for Christ, alijitolea kuwarudishia Universal gharama zao mradi tu nakala zote ziharibiwe. Huko Paris, mwezi Oktoba, Wakatoliki wa msimamo mkali walichoma ukumbi wa sinema wa Saint-Michel, watu wakaumia.

Huyo Bill Bright unamjua hata kama hujui unamjua. Shirika lake ndilo lililokuwa nyuma ya filamu inayoitwa Jesus, ya 1979, ile inayofuata Injili ya Luka. Kama umetoka ushago, ama mzazi wako ametoka ushago, ni ile ya gari kuja jioni na jenereta na kitambaa cheupe, uwanja wa shule unajaa, halafu Yesu anaongea Kiswahili, ama Kikuyu, ama Dholuo. Imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, na hakuna filamu nyingine imeifikia kwa hilo. Kwa hivyo msidanganywe kwamba waliookoka walikuwa wanachukia sinema. Walikuwa wanachukia sinema ambayo usukani wake umeshikwa na mtu mwingine.

Gibson alielewa hiyo kitu vizuri sana. Mwaka 2003, filamu ikiwa haijakamilika, aliizungusha kwa wachungaji, akaionyesha kwa mikutano ya viongozi wa makanisa, akawaomba maoni na maombi. Aliwapa usukani, ama angalau aliwaacha wahisi wameushika. Billy Graham aliitazama na akasema ilimtoa machozi. Ilipotoka, makanisa yalikodi kumbi nzima na kupeleka washirika kwa mabasi. Watu wale wale ambao miaka 16 nyuma walisimama nje ya sinema na mabango, sasa walikuwa ndani na tishu. Na filamu yenyewe ilikuwa na alama ya kuzuia watoto wasio na mzazi, ile alama ambayo wachungaji wengi walikuwa wamezoea kuitumia kama onyo kwenye mahubiri.

Lakini ajabu yenyewe si hiyo. Ajabu ni kwamba hawa Waprotestanti walikuwa wanalilia filamu ya Kikatoliki kuliko filamu yoyote kubwa niliyowahi kuona.

Kama unaijua Rozari, angalia vizuri. Matendo ya Uchungu ni matano: Yesu anatoka jasho la damu bustanini, anapigwa mijeledi, anavikwa taji la miiba, anabeba msalaba, anakufa. Hiyo ndiyo filamu, kwa mpangilio huo huo. Kisha ongeza Njia ya Msalaba: anaanguka mara tatu, anakutana na mama yake, Veronika anampangusa uso kwa kitambaa. Tafuta Veronika kwenye Injili zote nne. Hayuko. Tafuta kuanguka mara tatu. Hakuko. Hata ile sehemu mke wa Pilato anampa Maria vitambaa vyeupe, halafu Maria na Magdalena wanapiga magoti kupangusa damu sakafuni, imetoka kwa maono ya Anne Catherine Emmerich, mtawa wa Ujerumani aliyefariki 1824. Maono yake yaliandikwa na mshairi Clemens Brentano, na kitabu kikatoka 1833. Gibson mwenyewe ni Mkatoliki wa zile siasa za kale, wa Misa ya Kilatini, asiyependa mabadiliko ya Baraza la Pili la Vatikani.

Ukimweka Mkatoliki mbele ya skrini, anaona mambo fulani. Anaona Maria, kwa sababu kamera inamfuata Maria kila mahali. Mateso yote tunayaona kwa macho ya mama. Anaona Karamu ya Mwisho ikikatwa katikati ya kusulubiwa, mkate unainuliwa, mwili unainuliwa, na anajua yuko kwenye Misa. Muweke mlokole kiti cha pembeni. Yeye anaona deni. Kila kiboko ni dhambi yake ikilipwa: ule uongo, ile mimba, zile pesa. Filamu inaanza na maneno ya Isaya 53, na kwa mlokole hiyo sura ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mkono unaoshika msumari kwenye ile sehemu ya kugongomea ni wa Gibson mwenyewe. Alitaka kusema kwamba ni yeye alimsulubisha. Mlokole yeyote anaelewa hiyo sentensi bila kuelezewa.

Kwa hivyo machozi yalikuwa ya kweli pande zote mbili, lakini hayakuwa machozi ya kitu kimoja.

Na kuna watu walikuwa na sababu ya kutolia kabisa. Kundi la kwanza ni wachungaji wa Kikalvini ambao hata hawakuingia ukumbini. Kwao amri ya pili inakataza kutengeneza sanamu ya Mungu, na Yesu ni Mungu, basi mwigizaji aliyepakwa rangi nyekundu ni sanamu inayotembea. Walisema pia kwamba ukishamwona Caviezel, kila ukifunga macho kuomba utamwona Caviezel. Ucheke ukitaka. Mimi nikiombewa nikiwa mdogo nilikuwa namwona Robert Powell wa Jesus of Nazareth, na macho yake ya buluu, na sijui ni nani aliniwekea huyo mzungu kichwani kama si televisheni.

Kundi la pili ni Waorthodoksi, na hawa ndio wamenifundisha zaidi. Mwandishi wao mmoja wa Marekani, Frederica Mathewes-Green, aliandika kipindi hicho hicho akiuliza kwa nini Injili hazielezi maumivu kwa undani. Hebu jaribu mwenyewe. Mijeledi ambayo Gibson ameifanya ichukue dakika karibu kumi, kwa Yohana ni mstari mmoja mfupi, 19:1. Mathayo na Marko wanaitaja wakipita. Luka hasimulii kabisa Warumi wakimpiga mijeledi. Anaandika tu Pilato akisema atamwadhibu kisha amwachilie. Hawa watu waliandika wakati kusulubiwa kulikuwa kunafanyika kando ya barabara, kila msomaji ameshaona, na bado walichagua kutosimulia. Kwa Waorthodoksi uzito uko kwa ushindi: Kristo ameshuka kuzimu, amevunja milango, anawatoa Adamu na Hawa kaburini kwa kuwashika mkono. Hiyo ndiyo picha yao ya Pasaka. Filamu ya Gibson inampa Yesu aliyefufuka chini ya dakika mbili.

Na historia ya sanaa iko upande wao, angalau kwa mwanzo. Karne za kwanza Wakristo walichora mchungaji, samaki, Yona akitoka kwa nyangumi. Picha za msalabani zilichelewa, na hata zilipokuja, kama ile ya kwenye mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina huko Roma, ya karne ya tano, Yesu ana macho wazi, mikono imenyooka kama mtu anayeomba. Yesu aliyekufa, tumbo limelegea, kichwa kimeanguka, anaonekana kwa ukubwa wa mtu mzima kwenye msalaba wa Gero huko Cologne, karibu mwaka 970. Yaani Kanisa liliishi karibu miaka elfu bila picha ambayo leo tunaambiwa usipoililia hujaokoka.

Ila sitaki kuifanya hiyo picha ya mateso kuwa kitu kibaya. Kati ya 1512 na 1516 Matthias Grünewald alichora madhabahu ya Isenheim, na humo Yesu yuko vibaya kuliko hata kwa Gibson: ngozi imejaa vidonda, vidole vimejikunja, rangi imegeuka kijani. Lakini hiyo madhabahu iliwekwa kwa watawa waliokuwa wanatibu wagonjwa wa sumu ya kuvu inayoota kwa nafaka, ugonjwa unaochoma na kuozesha viungo. Mgonjwa alikuwa anainua macho anaona Mungu ana ugonjwa wake. Hakuonyeshwa ili ahisi hatia. Alionyeshwa ili asijione yuko peke yake.

Sisi huku tumeipokeaje hii mambo? Wakatoliki wetu hawakuwa na shida, Ijumaa Kuu mitaa inajaa Njia ya Msalaba, kijana wa parokia amefungwa kamba, askari wa Kirumi wamevaa mabati. Lakini Waskoti walioanzisha PCEA na wale CMS waliotuletea Anglikana walitupa msalaba mtupu. Damu yenyewe hatukuwa nayo ukutani, tulikuwa nayo kwenye wimbo. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda ukafika Kenya miaka ya 1930 ulijengwa juu ya damu ya Yesu. Mpaka leo ukisikia wazee wanaanza Tukutendereza unajua ni wao. Na haikuwa maneno ya wimbo tu. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wengi wa hawa ndugu kule Kikuyuni walikataa kiapo cha Mau Mau. Hoja yao ilikuwa kwamba wameshakunywa damu ya Yesu, na hawawezi kuongeza ya mbuzi juu yake. Wengi wao pia walikataa bunduki za serikali. Kuna waliouawa kwa hilo. Fikiria mtu kama huyo, ambaye hajawahi kuona tone moja la hiyo damu likichorwa, halafu akafa kwa ajili yake.

Nyanya yangu alikuwa mtu wa Uamsho. DVD ya The Passion ilipofika nyumbani, ile ya River Road yenye karatasi ya rangi iliyofifia, watu wazima wote walikaa sebuleni na sisi watoto tukafunikwa macho, japo vidole vina nafasi. Yeye aliinuka pale bustanini, kabla hata ya mijeledi, akaenda jikoni. Alirudi mara moja kuuliza kama wamemaliza. Hakuna mtu aliyethubutu kumwambia roho yake imekauka.

Kundi la tatu nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito, na kwa Kenya ndilo halizungumziwi. Ni Wakristo waliotoka ukumbini wakiwa na wasiwasi kuhusu Wayahudi.

Ulaya, kwa karne nyingi, Wiki Takatifu ilikuwa wiki ya hofu kwa Wayahudi. Watu walikuwa wanatoka kuona mchezo wa mateso, ama kusikia mahubiri ya Ijumaa Kuu, wamejaa uchungu, na uchungu unatafuta mtu. Mchezo maarufu kuliko yote uko Oberammergau, Ujerumani, umeigizwa tangu 1634 kwa sababu ya nadhiri ya wakati wa tauni. Hitler aliutazama 1930 na tena 1934, na aliusifu kwa jinsi unavyowaonyesha Wayahudi. Baada ya vita na mauaji yale, Kanisa Katoliki lilikaa chini likajichunguza. Tarehe 28 Oktoba 1965 Baraza la Pili la Vatikani lilitangaza kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Maaskofu wa Marekani waliandika mwongozo kuhusu jinsi ya kuigiza mateso bila kurudia sumu ile ya zamani. Mwongozo huo ni wa 1988, mwaka ule ule watu walikuwa bize kuandamana dhidi ya Scorsese.

Mwaka 2003 wasomi Wakatoliki na Wayahudi walisoma muswada wa Gibson na wakaandika ripoti ndefu yenye wasiwasi. Gibson akasema muswada umeibwa. Maaskofu wakajitenga na ripoti. Na ukitazama filamu leo utaona walichokuwa wanasema: Kayafa hana shaka hata kidogo, lakini Pilato anateseka, anafikiria, anamhurumia Yesu, anaongea na mkewe kama mwanafalsafa. Sasa fungua Luka 13:1 uone Pilato mwingine, yule aliyechanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao. Philo na Josephus, waandishi Wayahudi wa karne hiyo hiyo, wanamkumbuka kama mtu mkatili, na aliondolewa kazini akaitwa Roma baada ya kuwashambulia Wasamaria. Yule Pilato mpole wa kwenye filamu ana kazi moja: kuhamisha lawama. Kuna ule mstari wa Mathayo 27:25, umati ukijitwika damu yake wao na watoto wao. Gibson aliondoa maandishi ya chini. Sauti ya Kiaramu aliiacha.

Haki isemwe: fujo ambazo wengine waliziogopa Marekani hazikutokea. Morgenstern mwenyewe, ambaye wazazi wake walinusurika mauaji ya Wayahudi, aliitetea filamu. Lakini Julai 2006 Gibson alikamatwa akiendesha gari amelewa, akawatukana Wayahudi mbele ya polisi, kisha akaomba msamaha. Wale wasomi wa 2003 hawakuwa wanaota. Na mimi hii ndiyo sababu sitaki machozi yawe mtihani. Kuna Wakristo waliokaa kwenye viti vyao macho makavu kwa sababu walikuwa wanamfikiria jirani yao.

Hata Vatikani ilijikwaa. Desemba 2003 kulienea habari kwamba Papa Yohane Paulo II ameitazama na kuiidhinisha kwa maneno machache, na mwezi uliofuata katibu wake akakana kwamba Papa alitoa hukumu yoyote. Oktoba mwaka huo huo wa 2004 Papa akamtangaza Emmerich kuwa mwenyeheri. Kila mtu akachukua alichotaka.

Na siwezi kusema filamu haikuwafanya watu kitu. Huko Texas kijana mmoja alijipeleka kwa polisi akakiri kumuua mpenzi wake, kifo ambacho kilikuwa kimeandikwa kwamba marehemu alijiua. Norway, mfuasi wa Wanazi mamboleo aliungama milipuko ya miaka ya 1990. Wote walisema filamu ilichangia. Huko Kansas, siku ya kwanza kabisa, mwanamke mmoja alizimia wakati wa kusulubiwa na akafariki. Ni filamu moja.

Mwaka 2005 Gibson alirudi na toleo lililopunguzwa, dakika chache za ukatili zimekatwa, kwa ajili ya wale waliosema hawawezi kuvumilia. Halikuuza. Waliotaka damu walikuwa wameshaiona, na wasioitaka hawakuwa wanangoja dakika chache ziondolewe. Kisha mwaka 2025 kukatangazwa filamu ya ufufuo, kwa sehemu mbili, zitoke 2027: moja Ijumaa Kuu, nyingine Siku ya Kupaa. Nina hamu kuona kama makanisa yatakodi mabasi tena kwa ajili ya kaburi tupu, na nina hamu zaidi kuona Waorthodoksi watasema nini.